Wanane Katika Chombo Kimoja

Hotuba iliyosomwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, mbele ya wazee wa shule na wanafunzi wa sasa

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, waalimu wetu, wazee wenzangu, na ninyi vijana mlioketi sakafuni kwa sababu viti vyote tumevichukua sisi:

Katibu wa chama aliponiandikia kuniomba nizungumze leo, alinipa dakika 20 na akaniwekea masharti mawili. La kwanza, nisiguse siasa. La pili, nisisimulie tena habari za maharage ya mwaka ule. Nimetii yote mawili. Nitazungumza juu ya Mjerumani mmoja aliyekuwa mpiga makasia. Naona baadhi yenu mmeanza kutazama saa, na siwalaumu. Shule yetu haijapata kuwa na mashua, na mto ulio karibu nasi hukauka mwezi wa Septemba. Lakini nivumilieni. Nina deni katika ukumbi huu, deni la siku nyingi, nami sijui njia ya kulilipa isipokuwa kwa kupitia kwa mtu huyo.

Jina lake ni Hans Lenk. Alizaliwa Berlin mwaka 1935, na alisoma sekondari katika mji mdogo uitwao Ratzeburg, kaskazini ya Ujerumani, mji uliozungukwa na maziwa karibu pande zote. Siku zile mpaka kati ya Ujerumani ya Magharibi na ya Mashariki ulipita karibu sana na hapo. Katika shule ile palikuwa na mwalimu mmoja, Karl Adam, aliyefundisha hisabati na michezo. Ninyi vijana mtampenda mara moja nikiwaambia kwamba Adam mwenyewe hakuwa mpiga makasia wa mashindano. Alikuwa bondia! Mwaka 1937 alishinda ubingwa wa dunia wa wanafunzi wa vyuo, uzito wa juu. Alipopewa vijana na ziwa, hakuwa na desturi za wazee wa mchezo ule za kuzifuata, basi akaanza kuuliza maswali kama mtu wa hisabati. Kwa nini kasia liwe na umbo hili? Kwa nini vijana wazoezwe kwa mwendo wa pole masafa marefu, na shindano lenyewe ni la mita 2,000 tu? Akawazoesha kwa vipindi vifupi vya nguvu zote, kisha pumzi kidogo, kisha tena nguvu zote. Akawanyanyulisha vyuma, jambo ambalo wengi wa mchezo ule waliliona la ajabu. Akatumia makasia yenye makafi mafupi na mapana zaidi. Mwaka 1953 kilianzishwa klabu cha makasia cha Ratzeburg, na katika muda wa miaka michache watu wa vilabu vikubwa walianza kuulizana mji huu uko wapi.

Nataka niwaeleze kidogo chombo chenyewe, maana wengi wetu tuliokulia pwani tunajua ngalawa na mtumbwi, na tunadhani tunajua. Mashua ya wanane ina urefu upatao mita 17 na zaidi, na wembamba wake ni wa kutisha; mtu akiinama vibaya chombo chote kinalala upande. Kila mmoja ana kasia moja tu, wanne kulia na wanne kushoto. Na jambo lililonichekesha nilipoliona mara ya kwanza: wote wanane huketi wameipa omo kisogo. Wanakwenda wasikokuona! Nyuso zao zaelekea tezi, na kule tezini ameketi kijana mmoja mdogo wa mwili, mshika usukani, ndiye peke yake anayeona mbele. Wengine wote huona mgongo wa mwenzao, na maji waliyokwisha kuyapita.

Basi, kijana Lenk akatoka shule akaenda chuo kikuu, Freiburg na kisha Kiel. Alisoma falsafa, hisabati, elimu ya jamii, saikolojia na elimu ya michezo. Najua mnafikiri haiwezekani. Nami nilifikiri hivyo. Wakati huo huo alikuwa akipiga makasia, na Karl Adam aliunganisha vijana wa Ratzeburg na vijana wa klabu cha wanafunzi cha Kiel akapata mashua moja ya wanane. Mwaka 1959 mashua hiyo ilichukua ubingwa wa Ulaya kule Mâcon, Ufaransa.

Halafu ikaja Roma, mwaka 1960. Mashindano ya Olimpiki ya makasia yalifanyika katika ziwa Albano, nje kidogo ya Roma, ziwa lililojaa ndani ya shimo la volkano ya zamani, na juu ya ukingo wake ipo nyumba ya mapumziko ya Baba Mtakatifu. Ili mwelewe uzito wa siku ile, lazima mjue kwamba tangu mwaka 1920 hapakuwa na nchi nyingine iliyoshinda mbio za wanane katika Olimpiki isipokuwa Marekani. Michezo minane mfululizo, toka 1920 hadi 1956, ukiondoa miaka ambayo vita viliizuia isifanyike! Mtoto aliyezaliwa baada ya ushindi wa kwanza alikuwa mtu mzima wa karibu miaka 40, na hakuwa amesikia nchi nyingine ikishinda.

Siku ya fainali Wajerumani walimaliza kwa dakika 5 na sekunde 57. Wakanada wakafuata, zaidi ya sekunde 4 nyuma, na Wachekoslovakia wakawa wa tatu. Wamarekani walikuwa wa tano. Lenk alikuwa na umri wa miaka 25.

Liko jambo jingine la siku ile ambalo halihusu makasia, nami nalitaja kwa kuwa wazee wenzangu wa somo la historia watalipenda. Timu ile haikuwa ya Ujerumani ya Magharibi peke yake. Katika Roma Wajerumani wa pande mbili walishindana chini ya bendera moja, yenye rangi zao tatu na pete tano za Olimpiki katikati. Wakishinda, ulipigwa muziki wa Beethoven badala ya wimbo wa taifa, kwa sababu hawakuwa na wimbo mmoja. Mwaka uliofuata, Agosti 1961, ukuta ulijengwa Berlin, katika mji aliozaliwa Lenk.

Heshima zilikuja. Yeye na wenzake walipewa Silbernes Lorbeerblatt, yaani Jani la Fedha, nishani ya juu kabisa ambayo taifa lile huwapa wanamichezo. Hapo ndipo, Ndugu Mwenyekiti, hadithi za mabingwa wengi huishia. Mtu hupewa nishani, huitwa kwenye karamu miaka mitatu minne, kisha husahauliwa, na ukimkuta uzeeni anakuonyesha picha iliyofifia. Tunao watu wa namna hiyo katika nchi zetu pia, na baadhi yao wamekufa katika hali ambayo ni aibu yetu wala si yao. Sitaendelea, maana nimeahidi kutoingia katika siasa.

Lenk hakukaa juu ya nishani yake. Mwaka 1961, mwaka mmoja tu baada ya Roma, alipata shahada ya udaktari huko Kiel, na hoja aliyoiandikia ilikuwa hiyo hiyo michezo ya Olimpiki: maadili yake yanayotangazwa, na hali yake ilivyo kweli. Fikirini. Mtu ameshika dhahabu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anaandika kuuliza kama maneno mazuri yanayosemwa juu ya dhahabu ile ni ya kweli. Baadaye alirudi majini kama mwalimu, na mashua ya wanane aliyoizoeza ilitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1966 huko Bled, katika nchi iliyoitwa Yugoslavia. Mwaka 1969 akawa profesa wa falsafa katika chuo kikuu cha Karlsruhe, akafundisha hapo mpaka mwaka 2003.

Na hapo Karlsruhe ndipo mimi ninapoingia, kwa mlango wa nyuma kabisa.

Nilipelekwa huko kusomea uhandisi wa mitambo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sikusoma falsafa, na sitawadanganya kwamba nilijuana na Profesa Lenk. Sikupata kuzungumza naye hata neno moja. Nilikuwa kijana mwenye baridi na upweke, na maktaba ilikuwa na joto la bure. Kijerumani changu kilikuwa cha hesabu na vyuma tu. Mkutubi mmoja mwema akanishauri nisome kitu ninachokipenda ili lugha iingie, akaniuliza napenda nini. Nikasema kandanda. Hakuwa na cha kandanda karibu, akaniletea maandishi ya Lenk juu ya mashua za wanane. Nilisoma kwa kamusi, ukurasa mmoja jioni nzima, na katika ukurasa wa nne au wa tano nikaliweka kamusi chini.

Niwaambie aliloandika. Kule Kiel na Ratzeburg alikuwa ameitazama timu yake mwenyewe kwa jicho la elimu ya jamii, akipima nani humchagua nani, nani haelewani na nani. Wataalamu wa siku zile walikuwa wakisema, na ni jambo ambalo kila mmoja wetu angelikubali bila kufikiri, kwamba kundi lenye ugomvi ndani yake haliwezi kufanya kazi ya kiwango cha juu. Sisi tuna methali zetu za jambo hilo, tumelelewa nazo. Lenk akajibu kwamba yeye alikuwa ndani ya mashua, na haikuwa hivyo. Wale mabingwa wa Roma walikuwa wamegawanyika. Palikuwa na watu wa Kiel na watu wa Ratzeburg, palikuwa na makundi na mivutano, na katika misimu ile miwili mvutano haukupungua bali uliongezeka, hata ikakaribia timu kuvunjika. Na katika misimu hiyo hiyo mwendo wa mashua ulizidi kuwa mkali. Hawakuvunjika kwa sababu kila mmoja alijua kwamba hapakuwa na mwingine wa kukaa mahali pa yule asiyempenda, akapiga kasia sawasawa na yeye. Wakaketi, wakatazama migongo ya watu waliogombana nao asubuhi, wakawashinda Wamarekani.

Hakusema kwamba ugomvi ni mzuri. Baadhi ya watu walimwelewa hivyo, ni makosa. Alichosema ni kwamba kupendana si sharti la kufanya kazi pamoja, na kwamba mtu anayewalazimisha watu wapendane kwanza aweza kuivunja kazi yenyewe. Tena palikuwa na sababu ya wale vijana kuweza kubishana wazi: Karl Adam aliwaruhusu. Aliwashirikisha katika kuamua mazoezi, na akawataka wajue sababu ya kila wanachofanya. Huko ndiko Lenk alikopata fikira aliyoitetea maisha yake yote, ya mwanamichezo aliyekomaa, mwenye akili yake na kauli yake, asiye chombo cha kocha wala cha serikali wala cha mwenye fedha. Aliipinga ile tabia ya kutaka ushindi kwa gharama yoyote, na madawa yanayoandamana nayo. Na aliandika sana juu ya kazi ambayo mtu ameifanya mwenyewe kwa jasho lake. Alisema katika mashua huwezi kubebwa, huwezi kumtuma mtu akupigie kasia, na jina la baba yako halisogezi chombo hata kidogo. Hilo la mwisho nimeliongeza mimi, lakini nadhani asingelikataa.

Basi sasa nije kwenye deni.

Mwaka 1978 nilikuwa kepteni wa timu ya kandanda ya shule hii. Wapo hapa wanaokumbuka. Tulikuwa na kiungo mmoja, sitamtaja jina kwa sababu amenikataza, ambaye alikuwa na miguu bora kuliko wote na mdomo mbaya kuliko wote. Hakukubali kitu. Nikisema tucheze kwa kurefusha mipira, yeye huuliza kwa nini. Nikisema wa bweni letu akae mbele, yeye huuliza ni kwa sababu ya kasi yake au kwa sababu ya bweni. Mara mbili tulibishana mbele ya timu nzima hadi mazoezi yakasimama. Mimi nilikuwa kijana wa kupenda heshima, na nilikuwa nimemeza vizuri sana maneno ya umoja na mshikamano yaliyokuwa yakisemwa kila asubuhi kwenye mstari. Juma moja kabla ya fainali ya mkoa nilikwenda kwa mwalimu wa michezo, Mungu amrehemu, nikamwambia kwamba kijana yule anavunja umoja wa timu. Mwalimu aliniamini, kwa kuwa kepteni huaminiwa. Jina likakatwa.

Wazee wenzangu, hapajapata kuwa na timu yenye amani kama ile. Tulipanda lori tunaimba. Hakuna aliyemkaripia mwenzake. Kipindi cha mapumziko, tukiwa tumekwisha fungwa mawili, tulipeana machungwa kwa upole kabisa. Tulifungwa matatu kwa bila, na njiani kurudi watu walisema bahati haikuwa yetu. Yeye alikuwa amebaki bwenini. Nasikia alifua nguo siku nzima.

Mwaka ule walikuja watu wa kuchagua vijana wa timu ya mkoa, walikaa chini ya ule mwembe, wakaandika majina ya waliocheza fainali. La kwake halikuwamo, maana hakucheza. Sisemi kwamba angelifika mbali, hakuna ajuaye. Nasema hakupewa nafasi ya kujua, na aliyemnyima ni mimi, wala si mwalimu.

Nilipokuwa katika maktaba ile ya Karlsruhe, theluji ikianguka nje, nikisoma kwamba mashua bora duniani ilikuwa na watu wasiopatana, niliona aibu ambayo sijui kuisimulia. Nilikuwa nimemwita mharibifu mtu aliyekuwa akiuliza maswali yale yale ambayo Karl Adam alikuwa akiwafundisha vijana wake kuyauliza. Nilianza kumwandikia barua usiku ule. Sikuimaliza. Nilijaribu tena miaka mingine, na kila mara nilipata sababu ya kuahirisha: kazi, ndoa, uhamisho, msiba. Mtu akitaka kukwepa hakosi kichaka.

Lenk mwenyewe aliendelea kuheshimiwa, na safari hii si kwa ajili ya kasia. Kuanzia 1991 hadi 1993 aliongoza chama kikuu cha wanafalsafa wa Ujerumani, wakati nchi yake ilikuwa imeungana upya na bendera ikawa moja kweli kweli. Kuanzia 2005 hadi 2008 alikuwa rais wa taasisi ya kimataifa ya falsafa yenye makao yake Paris. Vyuo vikuu vya nchi kadhaa vilimpa shahada za heshima. Vitabu alivyoandika au kuhariri vimepita mia moja. Masimulizi ya kale yasema Plato alishindana mieleka ujanani. Lakini kwa habari ya Plato tuna masimulizi tu, na kwa habari ya Lenk tuna saa iliyopima. Pamoja na hayo yote, kila alipotambulishwa mahali, watu hawakuacha kuitaja ile dhahabu ya Roma. Dakika 6 kasoro sekunde chache, zikamfuata zaidi ya nusu karne. Sijui kama zilimfurahisha au zilimchosha. Nadhani mtu aliyeandika mia moja ya vitabu angependa mara moja moja aulizwe juu ya kimojawapo.

Vijana, mwaka huu nimesikia kwamba timu yenu ina matatizo, na kwamba yuko mmoja anayetaka kuondolewa kwa sababu ya mdomo wake. Sijui habari kamili, na si kazi yangu kuamua. Namwomba kepteni, kabla hajaenda kwa mwalimu, aje anione baada ya chakula. Nitakuwa pale chini ya mwembe.

Na kwa rafiki yangu: nilikutafuta kwa simu mwezi uliopita, nikakueleza yote haya, nawe ukacheka, ukasema ulikuwa umekwisha sahau. Hukusahau. Mtu aliyesahau hawezi kukumbuka kwamba machungwa yalikuwa 14. Nimekuomba leo ukae mstari wa mbele, ukakataa kama kawaida yako. Nakuona kule nyuma karibu na mlango. Mbele ya watu hawa wote, nilikukosea, na nakuomba radhi.

Ndugu Mwenyekiti, kesho saa kumi jioni wazee watacheza na wanafunzi. Mmenichagua tena kuwa kepteni, kwa ajili ya mvi bila shaka, maana si kwa ajili ya magoti. Nimekubali, lakini orodha ya wachezaji nimemkabidhi yeye aipange. Ameniletea asubuhi hii. Mimi ameniweka akiba.